Herufi na Tarakimu Zilizo Katika Karatasi Yako ya Hospitali

Ikiwa umewahi kumwuguza mtu hospitalini hadi siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, bila shaka unaijua foleni ya dirisha la malipo. Umechoka, mgonjwa ameketi kwenye benchi, gari la kukodi linangoja langoni, kisha karani anakurudishia karatasi na kukwambia kwamba watu wa bima wamekataa kulipa kwa kuwa msimbo haulingani. Msimbo gani? Unaigeuza karatasi huku na huku. Unaliona jina la mgonjwa, tarehe na sahihi ya daktari, na katikati kuna kitu kama S91.3. Ukiuliza, unaambiwa hayo ni mambo ya kompyuta.

Si mambo ya kompyuta. Hilo ni jina la ugonjwa, lililofupishwa kwa herufi na tarakimu ili lisomeke vilevile Nairobi, Kisumu, Muscat na Geneva. Aliyelichagua ni binadamu, aghalabu afisa wa rekodi za afya aliyeketi katika chumba kilichojaa mafaili, naye aliongozwa na maneno ambayo daktari aliyaandika. Maneno yakiwa pungufu, jina nalo huwa la makosa. Juma hili tutajifunza misingi ya kazi hiyo. Huhitaji kuwa daktari. Unahitaji kujua kusoma, na kuwa na subira.

Tuanze na mgonjwa. Ni wa kubuni, lakini hali yake yaweza kumpata yeyote. Mama Zawadi ana umri wa miaka 54 na huuza nguo za mitumba Gikomba. Ana kisukari cha aina ya pili, yaani kile ambacho aghalabu huwapata watu wazima, na pia ana shinikizo la damu. Siku moja kiatu kilimchubua kidole gumba cha mguu, akaona ni jambo dogo. Baada ya majuma matatu kidole kilikuwa kimeoza. Akalazwa, akapewa dawa kwa mishipa na sindano za insulini, na hatimaye kidole kikakatwa. Aliruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku 11. Daktari aliyekuwa na wodi nzima ya kushughulikia aliandika maneno mawili kwenye karatasi: "Kidonda mguuni." Muuguzi naye alikuwa ameandika kwingineko kwamba mgonjwa alichubuliwa na kiatu.

Yaweke maneno hayo akilini, kwa maana tutayarudia.

Kitabu kinachotumiwa kutafutia misimbo ya magonjwa huitwa Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, na kwa kifupi hujulikana kama ICD. Mizizi yake ni mirefu. Mnamo 1662, mfanyabiashara wa London aliyeitwa John Graunt, ambaye hakuwa daktari bali muuzaji wa nguo na vifaa vya ushonaji, alichapisha kitabu kilichochambua orodha za waliokufa jijini humo juma baada ya juma. Karne mbili baadaye, William Farr aliwasumbua sana madaktari wa Uingereza akiwataka waache kuuita ugonjwa mmoja kwa majina matano. Mnamo 1893, Mfaransa Jacques Bertillon aliwasilisha orodha yake ya visababishi vya vifo kwenye mkutano wa wanatakwimu uliofanyika Chicago, na orodha hiyo ndiyo iliyozaa kitabu tulicho nacho. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikichukua mnamo 1948 kikiwa katika toleo la 6, na ndipo magonjwa yasiyoua nayo yakaanza kuingizwa. Toleo la 10 liliidhinishwa mwaka wa 1990. Toleo la 11 liliidhinishwa Mei 2019 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022. Usishangae ukikutana na yote mawili, kwa maana kuhama kutoka toleo moja hadi jingine huchukua miaka. Sisi tutajifunzia toleo la 10, ambalo ni rahisi kwa anayeanza, kisha tulichungulie la 11.

Msimbo wa toleo la 10 huanza kwa herufi moja, zikafuata tarakimu mbili, halafu nukta, halafu tarakimu nyingine. Herufi hukwambia umo katika mtaa gani wa magonjwa. A na B ni maradhi ya kuambukiza: kipindupindu ni A00, homa ya matumbo ni A01.0. C ni saratani. E ni kisukari na magonjwa mengine ya tezi na lishe. F ni maradhi ya akili. I ni moyo na mishipa ya damu, J ni mapafu na njia ya hewa, K ni tumbo na matumbo, L ni ngozi. O ni mimba na uzazi. R ni dalili tupu, kama vile homa au maumivu ya tumbo ambayo chanzo chake hakijajulikana. S na T ni majeraha na sumu. V, W, X na Y hueleza jeraha lilitokeaje. Z ni kwa mtu aliyefika hospitalini bila kuwa mgonjwa, kama vile mama mjamzito anayekwenda kliniki au mtoto anayepelekwa kudungwa chanjo. Sura zote ni 22.

Hapa pana mtego uliowanasa wengi. Herufi I hufanana na tarakimu 1, na herufi O hufanana na sifuri. Shinikizo la damu ni I10, nayo ikiandikwa kwa mkono wa haraka husomeka mia moja na kumi. Kujifungua mtoto mmoja kwa upasuaji ni O82, nayo huweza kuingizwa kwenye mashine kama sifuri themanini na mbili, mashine ikaikataa. Waliotunga toleo la 11 walichoshwa na kosa hilo, wakaziondoa kabisa herufi I na O katika misimbo yao.

Kitabu chenyewe kina juzuu tatu. Ya kwanza ni orodha ya misimbo kwa mpangilio wake. Ya pili ni kanuni. Ya tatu ni faharasa ya majina kwa utaratibu wa alfabeti. Anayeanza hutaka kukimbilia juzuu ya kwanza. Asifanye hivyo. Kazi huanzia kwenye faharasa na kumalizikia kwenye orodha, wala hairuhusiwi kuishia njiani.

Hatua ya kwanza ni kulitafuta neno kuu katika maneno ya daktari. Faharasa imepangwa kwa maradhi, si kwa kiungo. Ikiwa mgonjwa amevunjika mguu, hutafuti "mguu", unatafuta "kuvunjika", kisha chini yake unatafuta mfupa uliovunjika. Hatua ya pili ni kusoma maneno madogo yaliyopangwa chini ya neno kuu, maana ndiyo yanayokupeleka kwenye msimbo mahususi. Hatua ya tatu ni kuufuata msimbo huo hadi juzuu ya kwanza na kusoma maelezo yaliyo chini yake: magonjwa gani yamo humo, na yapi yametengwa yapelekwe kwingine. Maelezo haya ya kutenga ndiyo yanayorukwa na wavivu, na ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote. Hatua ya nne ni kuongeza tarakimu ya mwisho, ile inayofuata nukta.

Sasa turudi kwa Mama Zawadi na maneno mawili ya daktari wake.

Afisa wa kwanza anaona maandishi ya muuguzi kuhusu kiatu, anadhani ni jeraha, anatafuta jeraha la wazi la mguu na kufika S91.3. Afisa wa pili anapuuza kiatu, anatafuta kidonda cha mguu na kufika L97, katika mtaa wa ngozi. Afisa wa tatu hatafuti kitu kwanza. Anafungua faili lote, anaona mgonjwa alipimwa sukari mara nyingi kila siku, anaona insulini, anaona daktari wa upasuaji ameandika kwamba kidole kilioza kwa ajili ya kisukari. Anachukua simu au anapanda ngazi na kumwomba daktari wa wodi aandike kikamilifu. Daktari anaandika: "Kisukari cha aina ya pili chenye kuoza kwa kidole gumba cha mguu wa kulia." Faharasa inampeleka kwenye kisukari, kisha E11, na tarakimu ya mwisho ni 5, ambayo ni ya madhara ya mishipa ya damu iliyo mbali na moyo, ikiwemo vidonda na kuoza kwa viungo. Msimbo ni E11.5.

Mguu ni mmoja, na misimbo ni mitatu. Ona matokeo yake. Kwa S91.3, watu wa bima wanaona mtu aliyejeruhiwa, wanauliza ajali ilitokea wapi, na wanashangaa kwa nini mtu mwenye jeraha alidungwa insulini na kukatwa kidole. Hapo ndipo linapotoka lile neno "haulingani": matibabu yaliyotolewa hayaoani na ugonjwa ulioandikwa. Kwa L97 huenda wakalipa kidogo, au wakaagiza maelezo zaidi, na Mama Zawadi akakaa siku nyingine wodini akingoja. Zaidi ya hayo, kisukari hakimo popote katika msimbo wowote kati ya hiyo miwili. Atakapolazwa tena mwaka ujao, rekodi itasema alikuwa na kidonda cha ngozi. Ni E11.5 pekee inayosema ukweli, na tofauti ni mstari mmoja ambao daktari angeuandika kwa muda usiozidi dakika moja.

Mgonjwa akiwa na maradhi zaidi ya moja, upi uandikwe kwanza? Kanuni ya WHO ni kwamba ugonjwa mkuu ni ule uliomfanya mgonjwa ahitaji kutibiwa au kuchunguzwa katika kipindi hicho, na ikiwa ni kadhaa, uchaguliwe ule uliotumia nguvu na mali nyingi zaidi za hospitali. Mama Zawadi ana shinikizo la damu, I10, nalo laandikwa, lakini nyuma. Halikuwa ndilo lililomleta.

Kufikia hapa tumesema juu ya ugonjwa. Upande wa pili wa somo ni misimbo ya yale aliyotendewa mgonjwa: kushonwa, kupasuliwa, kupigwa picha. Hapa dunia haijapatana. Nchini Kenya kila bima ina orodha yake ya huduma na viwango vya malipo. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mnamo tarehe 1 Oktoba 2024 chini ya sheria ya mwaka wa 2023, nayo ina orodha yake. Marekani wana zaidi ya orodha moja. Iliyo maarufu huitwa CPT, ilianzishwa mwaka wa 1966 na Chama cha Madaktari cha Marekani, na aghalabu msimbo wake ni tarakimu tano tupu. Kuondolewa kwa kidole tumbo kwa kupasua tumbo kawaida ni 44950. Kikiondolewa kwa darubini inayopitishwa kwenye matundu madogo ni 44970. Orodha hiyo ni mali ya chama hicho na mwenye kuitumia kwa biashara sharti apate leseni.

Kwa wagonjwa waliolazwa, hospitali za Marekani tangu tarehe 1 Oktoba 2015 hutumia mfumo mwingine wenye nafasi saba, na huo nausifu kwa jinsi unavyofundisha. Chukua 0DTJ0ZZ. Sifuri ya kwanza ni tiba na upasuaji. D ni mfumo wa chakula. T ni kukiondoa kiungo chote. J ni kidole tumbo. Sifuri ya pili ni kwa kupasua wazi. Ingekuwa darubini, hapo pangekuwa na 4. Z mbili za mwisho ni kwamba hapakuachwa kifaa ndani na hapana la kuongeza. Ukiujua utaratibu huo, unaelewa swali ambalo kila msimbaji wa upasuaji hujiuliza, hata anapotumia orodha ya bima ya hapa Nairobi: kiungo gani, kilifanywa nini, na kwa njia gani. Ripoti ya daktari wa upasuaji isipojibu maswali hayo matatu, haisimbiki.

Misimbo hii si ya pesa tu. Chukua homa. Mtu anaingia zahanati mtaani Umoja, mwili unawaka, anaandikiwa "malaria" na kupewa dawa bila damu kupimwa. Msimbo wake ni B54, maana yake malaria isiyobainishwa. Angepimwa na kupatikana kimelea cha falciparum, ingekuwa B50, na kama kimepanda ubongoni ni B50.0. Asipopatikana na kimelea chochote, na daktari asiandike zaidi ya homa, basi ni R50.9, homa ambayo chanzo chake hakijulikani. Nairobi si mahali pa maambukizi makubwa ya malaria kama lilivyo eneo la Ziwa. Rekodi zikijaa B54 ambazo hazikupimwa, wanaopanga dawa na vyandarua wanasoma malaria mahali ambapo huenda palikuwa na nimonia au homa ya matumbo.

Chukua pia ajali. Abiria wa bodaboda amegongwa na gari dogo barabarani, mfupa wa muundi umevunjika. Msimbo wa mfupa ni S82.2. Wengi huishia hapo. Lakini jeraha hudai misimbo miwili: wa pili hueleza sababu, nao ni V23.5. V23 ni mwendeshaji au abiria wa pikipiki aliyeumia kwa kugongana na gari, pikapu au matatu ndogo. Tarakimu 5 ni kwamba alikuwa abiria na ajali ilikuwa ya barabarani. Angekuwa ndiye mwenye kuendesha, ingekuwa 4. Ukiuacha msimbo wa pili, hospitali itajua imetibu miguu mingapi, wala haitajua pikipiki zilivunja mingapi kati ya hiyo. Kitabu hiki kimefikiria karibu kila balaa: anayeanguka kutoka mtini ana W14, anayeumwa na nyoka mwenye sumu ana X20.

Mahali palipo na uzito zaidi ni kwenye cheti cha kifo, na hapa naomba usome polepole, maana siku moja huenda ukaishika karatasi hiyo mkononi. Cheti cha daktari kinachofuata mtindo wa kimataifa kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ina mistari inayoshuka. Juu kabisa huandikwa kilichomuua mtu moja kwa moja. Mstari unaofuata ni kilicholeta hicho cha juu. Unashuka hivyo hadi ufike chini kwenye chanzo cha yote. Sehemu ya pili ni ya maradhi mengine yaliyochangia. Takwimu za nchi huhesabu chanzo, na kikiandikwa sawasawa hukaa mstari wa chini kabisa.

Tuseme, Mungu apishe mbali, Mama Zawadi hangepona. Cheti kizuri kingesomeka hivi: mstari wa juu, sumu ya viini kuenea katika damu; wa pili, kuoza kwa kidole cha mguu; wa tatu, kisukari cha aina ya pili. Sehemu ya pili, shinikizo la damu. Msimbo wa kifo chake ungekuwa E11.5, na Kenya ingehesabu mtu mmoja aliyeuawa na kisukari. Cheti kibaya kingekuwa na mstari mmoja: "Moyo ulisimama." Hiyo ni I46.9. Moyo wa kila mfu umesimama! Wataalamu wa takwimu huita misimbo ya namna hii takataka, na hawasemi hivyo kwa matusi. Ni kwamba haiwezi kumfaa anayetaka kujua pesa za kliniki za kisukari zipelekwe wapi. Haiwafai hata watoto wa Mama Zawadi, ambao wanapaswa kujua kwamba ugonjwa huo umo katika ukoo wao na waanze kupimwa sukari mapema.

Toleo la 11 limejaribu kuyatatua mengine kati ya haya. Kisukari cha aina ya pili humo ni 5A11. Kidonda cha mguu kitokanacho na kisukari kimepewa mahali pake, BD54, na misimbo hiyo miwili huunganishwa kwa mkwaju ikasomeka BD54/5A11, ili kidonda na chanzo chake visitengane. Malaria ya falciparum ni 1F40. Ni mfumo uliotungwa ukizingatia kompyuta. Hata hivyo, kompyuta haiwezi kuunganisha kile ambacho daktari hakukiandika.

Lipo jambo la siri. Kwa kuwa kitabu hiki kinasomwa na yeyote bila malipo kwenye tovuti ya WHO, msimbo haufichi kitu. Ukimpelekea mwajiri karatasi ya ruhusa ya ugonjwa yenye F32, umemwambia kwamba una ugonjwa wa huzuni kuu. Misimbo ya B20 hadi B24 ni ya Ukimwi, na Z21 ni ya mtu mwenye virusi asiye na dalili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huzihesabu habari za afya kuwa nyeti, na sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kufichua hali ya mtu bila idhini. Mwajiri anahitaji kujua hufai kazini kwa siku ngapi. Mwombe daktari karatasi inayosema hayo tu. Bima ndiyo inayohitaji msimbo.

Basi ufanye nini siku ya kuruhusiwa? Kabla hujaenda kwenye dirisha la malipo, soma karatasi ukiwa ungali wodini. Tazama kama ugonjwa umeandikwa kwa maneno kamili au ni dalili tu. Tazama kama chanzo kimetajwa. Ikiwa ni kiungo chenye pande mbili, tazama kama ni kulia au kushoto. Ikiwa ni jeraha, tazama kama imeandikwa lilitokeaje. Panapopungua, mwendee daktari au muuguzi mkuu umwombe kwa heshima akamilishe. Usimwendee afisa wa rekodi ukamwomba abadilishe msimbo; hana ruhusa ya kuandika ugonjwa ambao daktari hakuuandika. Wala usikubali mtu akuambie kwamba atakuwekea msimbo unaolipa vizuri zaidi. Mama aliyejifungua kawaida, O80, akiandikwa O82 ili bima ilipe upasuaji, huo ni wizi, na rekodi ya mama huyo itamdanganya mkunga atakayemhudumia mimba ijayo akidhani tumbo lina kovu.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi hii kuwa riziki, Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, hufunza maafisa wa rekodi za afya, na tangu 2016 kuna sheria inayosimamia taaluma yao. Zipo pia kozi zinazofundisha misimbo ya Marekani pekee. Si mbaya, ila uulize mapema unafundishwa kitabu kipi. Marekani wamelirefusha toleo la 10 kwa matumizi yao: kidonda cha mguu cha Mama Zawadi huko huanzia kwenye E11.621, na msimbo huo haumo katika kitabu cha WHO. Ukiuandika katika hospitali inayofuata kitabu hicho, utarudishiwa.

Sasa chukua kalamu. Funika majibu yaliyo chini kwa mkono, ujaribu mwenyewe kwa misimbo tuliyoitaja leo.

La kwanza: mwanamume amelazwa na malaria iliyopanda ubongoni, damu imepimwa na falciparum ikaonekana. Pia ana shinikizo la damu la miaka mingi. La pili: mwendesha bodaboda amegongwa na pikapu kwenye barabara kuu, mfupa wa muundi umevunjika. La tatu: faili la marehemu mwenye umri wa miaka 61 limeletwa mezani pako, na kwenye cheti pameandikwa "moyo ulisimama", basi.

Majibu. La kwanza ni B50.0, kisha I10. La pili ni S82.2 pamoja na V23.4, ukiandika V23.5 umemgeuza dereva kuwa abiria. La tatu, ikiwa umekwisha andika I46.9, futa kwanza. Rudi kwenye faili, soma marehemu aliletwa hospitalini kwa nini na alikuwa akitumia dawa gani, kisha umtafute daktari aliyetia sahihi umwulize mstari wa chini ni upi.